Chapisheni saa za maji kujaa na kupwa kando ya saa za swala

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu huchapisha saa za swala na utabiri wa hali ya hewa. Tunaomba muongeze kisanduku kimoja kidogo: saa za maji kujaa na kupwa hapa Unguja, pamoja na tarehe ya mwezi mwandamo. Tunaowaandikia ni sisi tunaopokea wageni Mji Mkongwe na kuwapeleka shamba, yaani vijijini nje ya mji. Tunaandika hasa kwa ajili ya wageni wa ndani, familia za Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma na Mwanza, na jirani zetu wa Mombasa na Nairobi, wanaovuka kwa siku mbili tatu na fedha walizodunduliza miezi kadhaa.

Wageni hao hupanga safari kwa kalenda ya ukutani: mwisho wa wiki, likizo ya shule, sikukuu ya taifa. Kisiwa hakiendi kwa kalenda hiyo peke yake. Kuogelea, kupanda mashua, kwenda kwenye fungu la mchanga baharini, kuwaona kina mama wanaolima mwani, Maulidi, sherehe ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, vyote vinafuata ama mwezi wa angani ama mwaka wa Kiswahili wa wakulima na mabaharia. Asiyejua hayo hufika akakuta bahari imeondoka, au mikahawa imefungwa mchana kutwa, au jambo alilolijia lilikwisha jana.

Tuanze na maji. Kwa siku moja bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo ufukwe uliokuwa na maji tele saa nne asubuhi wiki iliyopita, wiki hii saa hiyo hiyo utakuwa mchanga mtupu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, karibu tarehe 7 na tarehe 22 za mwezi mwandamo, ni maji mafu, na tofauti hushuka hadi mita moja hivi.

Kuna jambo ambalo kila mvuvi wa hapa analijua na mgeni haambiwi. Bamvua ya Unguja hupwa saa nne, saa nne na nusu asubuhi, na hujaa saa kumi, saa kumi na nusu jioni. Ndivyo ilivyo mwezi wowote, mwaka wowote. Maji mafu ni kinyume chake: hujaa asubuhi karibu saa nne na kupwa jioni. Anayelishika hili peke yake ameshaokoa nusu ya safari yake, kwa maana akitazama mwezi juu usiku anaotoka kwao atajua kesho asubuhi atakuta nini.

Anayetaka kukadiria siku za katikati afanye hesabu hii. Chukua tarehe ya mwezi mwandamo, zidisha kwa dakika 50, kisha jumlisha kwenye saa kumi jioni. Tarehe 4, kwa mfano, ni dakika 200, yaani saa 3 na dakika 20, kwa hiyo maji yatajaa karibu saa moja na dakika 20 usiku. Kujaa kwa asubuhi hutangulia kwa saa 12 na dakika 25 hivi, na kupwa ni katikati yake, karibu saa saba mchana. Tarehe ikivuka 15, toa 15 kwanza ndipo uzidishe. Hesabu hii hukosea nusu saa, na siku za maji mafu hata saa nzima. Ndiyo sababu tunaomba jedwali lenyewe lichapwe.

Sasa fukwe. Paje, Jambiani, Bwejuu na sehemu kubwa ya pwani ya mashariki mwamba uko mbali, mahali pengi kilomita moja na zaidi, na kati ya mwamba na ufukwe ni uwanda wa mchanga na majani ya bahari. Bamvua ikipwa, uwanda wote unabaki wazi. Mgeni aliyelipia chumba kinachotazama bahari anaamka, anafungua pazia, na maji hayaoni ila mstari mweupe kwa mbali pale mawimbi yanapovunjika mwambani. Hakudanganywa na mtu. Hakuulizia tarehe ya mwezi. Siku za bamvua, kuogelea mashariki ni kuanzia saa saba au saa nane mchana hadi magharibi. Siku za maji mafu ni asubuhi, saa moja hadi saa saba, na hizo ndizo siku tunazowashauri wenye watoto, kwa kuwa maji yanakuwa ya kiasi na hayaendi kasi.

Kaskazini ni tofauti. Kendwa, na upande wa magharibi wa Nungwi, sakafu ya bahari inashuka haraka karibu na ufukwe, hivyo mtu anaogelea hata maji yakiwa yamepwa. Ambaye likizo yake imeangukia bamvua, na haja yake ni kuogelea asubuhi, aende huko. Daladala ya Nungwi ni namba 116. Ya Jambiani ni 309 na ya Makunduchi ni 310. Vituo vya mjini vimehamishwa miaka ya karibuni kutoka Darajani, kwa hiyo uliza kwanza kituo kilipo, usimfuate dereva wa teksi anayekwambia daladala hazipo tena.

Wala tusieleweke kwamba maji yakipwa safari imeharibika. Kwetu sisi hizo ndizo saa bora za pwani ya mashariki. Bamvua ya asubuhi ndipo kina mama wanapoingia kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kibiashara Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980. Vigingi vimepigwa mchangani kwa mistari, kamba zimefungwa baina ya kigingi na kigingi, na kila kamba imening'inizwa vipande vya mwani kwa vikamba vidogo. Kazi ni kuinama muda wote: kufunga mbegu mpya, kukaza kamba iliyolegea, kutoa magugu, kuvuna uliokomaa. Maji yakipata joto mno mwani huota weupe, ukalegea na kukatika, na kazi ya wiki nzima huchukuliwa na mkondo. Kwa hiyo mgeni asikatize katikati ya mistari, asiinue kamba kwa ajili ya picha, na asimpige mtu picha kabla ya kumwamkia na kumwomba. Saa za kupwa ni chache na kina mama hawa wanakimbizana nazo. Ukitaka maelezo marefu, mngojee nchi kavu wanapoanika.

Hapo hapo ndipo penye hatari ambayo watu wa bara hawaitarajii. Mtu anaona pakavu, anatembea hadi karibu na mwamba, anaokota simbi, anapiga picha, akigeuka nyuma maji yameshapita. Maji hayarudi kwa mstari mmoja kutoka mwambani. Huingia kwanza kwenye milango ya mwamba, yaani mapengo yake, na mikondo, yakajaza mabonde yaliyo karibu na ufukwe, ilhali pale uliposimama wewe bado ni pakavu. Saa ya kwanza baada ya kupwa maji hupanda kidogo sana, na hilo ndilo linalowahadaa watu. Saa ya tatu na ya nne ndizo zinazoingiza nusu ya maji yote, maana yake siku ya bamvua kubwa ni karibu mita 2 kwa muda wa saa mbili. Kanuni yetu ni kwamba saa ya kupwa ndiyo saa ya kugeuza uso ufukweni, hata kama mwamba umebaki hatua mia. Na karibu na mlango wa mwamba usiogelee wakati maji yanatoka, kwa kuwa mkondo wake huwashinda hata wenyeji.

Vaeni viatu. Yeboyebo au raba nzee zinatosha, pekupeku haifai. Mawe na majani yana wale viumbe weusi wa miiba mirefu, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyama. Ukichomwa, usiukamue wala usiupigepige kwa jiwe, utauvunja vipande. Loweka mguu kwenye maji ya moto ambayo mkono wako unaweza kuyavumilia, nusu saa au zaidi, maumivu hupungua. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Mwiba ukiwa karibu na kifundo, au mguu ukivimba na kuwa mwekundu siku ya pili, ni hospitali.

Mjini kwenyewe maji yana shughuli zake. Fungu la Nakupenda, lililo mbele ya Mji Mkongwe, huibuka maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Siku za bamvua toka mjini saa mbili na nusu asubuhi, utalikuta pana na utakaa saa tatu hivi. Siku za maji mafu fungu huwa dogo na huonekana alasiri, na mwenye mashua anayekuahidi asubuhi siku hizo mwulize vizuri kabla hujalipa. Changuu, kwenye kobe wakubwa ambao asili yao ni Ushelisheli, kunafikika saa zote. Kule Michamvi Pingwe kuna mgahawa uliojengwa juu ya mwamba baharini: maji yakipwa unaufikia kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa mashua. Na vijana wanaorukia baharini kutoka ukuta wa Forodhani hufanya hivyo maji yakiwa yamejaa. Jioni za bamvua, saa kumi hadi magharibi, ndipo ukuta unapojaa watu, kisha meza za urojo, mishikaki na juisi ya miwa zinawashwa taa pale pale.

Upepo tuutaje kwa ufupi. Kusi, upepo wa kutoka kusini, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, huchafua mkondo wa bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja, na boti, safari ya muda wa saa mbili hivi, humtapisha asiyezoea. Chukua boti ya asubuhi, kabla upepo haujashika, kaa nyuma na chini, kula kidogo. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Desemba hadi Machi, bahari huwa nyepesi zaidi. Masika ya Machi hadi Mei vyumba ni rahisi, lakini barabara za ndani za shamba hujaa maji.

Tukija kwenye mila, hesabu ni mbili na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ya mwezi mwandamo. Mwaka wake ni pungufu kwa siku 11 hivi, kwa hiyo kila kitu hurudi nyuma. Ramadhani ya 2027 itaanza karibu Februari 8, ya 2028 mwishoni mwa Januari, ya 2029 katikati ya Januari, kwa kutegemea kuandama. Maana yake miaka hii mwezi wa kufunga unaangukia kaskazi, msimu ambao wageni ni wengi. Mchana wa Ramadhani mikahawa mingi ya mjini hufungwa, kula na kunywa barabarani ni mwiko, taarab na ngoma hunyamaza. Haimaanishi usije. Uje unajua: beba maji yako na uyanywe chumbani, pumzika mchana, na baada ya futari mji huamka hadi daku. Wenye nia ya kusikia muziki waje kabla ya mwezi kuandama au waje Sikukuu, tarehe 1 hadi 4 ya Mfunguo Mosi, watoto wanapotoka na nguo mpya kwenye viwanja vya michezo.

Baada ya hapo ni Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Mwaka 2027 tarehe 12 ya mwezi huo itakuwa katikati ya Agosti, na maulidi za mitaani na za vijijini huendelea wiki kadhaa baada ya hapo. Tunawaomba wageni wasikose Maulidi ya Homu. Wanaume wenye kanzu na kofia hupiga magoti kwa safu, bega kwa bega, wengine wakipiga matari. Huanza polepole, vichwa na mikono vikiinama pamoja, kisha kasi inapanda, safu inainuka magotini na kushuka, na hakuna mkono hata mmoja unaochelewa. Mwanamke ajitande, mwanamume avae suruali ndefu, na kaeni mahali mtakapoonyeshwa. Simu isiwashwe taa.

Taarab haifuati mwezi, isipokuwa Ramadhani. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958, na mwenyeji wako ataulizia siku za mazoezi. Ukialikwa harusini, kumtunza mwimbaji ni kwenda mbele taratibu, kucheza kidogo na kumpa noti mkononi, si kumrushia.

Hesabu ya pili ni ya Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, siku ya kwanza ya mwaka wa Kiswahili, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea tarehe. Mwaka wa Kiswahili una siku 365 kamili: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za gatha mwishoni. Hauna siku ya kuongeza kila mwaka wa nne, hivyo kwa kalenda ya ukutani Siku ya Mwaka hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Siku hizi inaangukia Julai, karibu na katikati. Anayetumia tarehe aliyoisoma kwenye kitabu cha zamani cha watalii hufika Makunduchi akakuta majivu. Thibitisha tarehe wiki mbili kabla, na kwa mtu wa Makunduchi mwenyewe.

Mwaka Kogwa wa Makunduchi una sehemu zake. Alfajiri watu huoga baharini. Kisha uwanjani hukutana pande mbili za mji, kaskazini na kusini, na wanaume hupigana kwa magomba ya migomba. Gomba ni zito lakini laini. Linauma, halivunji mfupa, na ukilipigisha mara mbili tatu linapasuka nyuzi. Humo ndimo watu wanapotoa kinyongo cha mwaka mzima, na vita vikisha hakuna anayedai. Wanawake, wamevaa nguo zao bora na kanga mpya, hupita wakiimba, na nyimbo nyingine ni za kutaniana waziwazi. Halafu kibanda kidogo cha makuti kinatiwa moto huku watu wakiwa ndani, nao hutoka mbio, na wazee huangalia moshi unaelekea wapi. Baadaye ni chakula na ngoma kwa siku kadhaa, na kila nyumba hupenda kuwa na mgeni. Ukikaribishwa kula, ingia.

Yanayoharibika siku hiyo tunayaona kila mwaka. Watu hufika saa sita mchana na kukuta gomba la mwisho limeshatupwa; Makunduchi ni zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini, hivyo ondoka mapema ili uwe uwanjani kabla ya saa tatu. Wengine husimama upande unakoelekea upepo wa kusi na moto ukiwaka wanajaa cheche. Simama kusini mwa kibanda, upepo ukupige mgongoni. Wengine huingia kati ya wapiganaji kutafuta picha. Gomba halichagui mgeni. Na Siku ya Mwaka si maonyesho ya hoteli, kwa hiyo asiwepo wa kuja na vazi la kuogelea.

Turudi kwenye ombi letu, Mhariri. Majedwali ya maji hutolewa kila mwaka kwa matumizi ya bandari, kwa hiyo hamtahitaji kuhesabu wenyewe. Tunapendekeza safu tano: tarehe ya kawaida, tarehe ya mwezi mwandamo, saa za kujaa, saa za kupwa, na kimo kwa mita. Saa ziandikwe kwa Kiswahili, saa kumi na dakika 20 jioni, siyo 16:20 kama zilivyo kwenye jedwali la bandari, kwa sababu kubadilisha ndiko kunakowafanya wengi wakosee kwa saa sita. Kimo kisiachwe: msomaji akiona kujaa kwa mita 3.5 na zaidi, na kupwa kwa nusu mita au chini, atajua ni bamvua bila kuuliza mtu. Siku nne kuelekea Siku ya Mwaka na siku za kuandama kwa Mfunguo Mosi na Mfunguo Sita ziwekewe alama.

Toleo la Ijumaa lingefaa zaidi, kwa kuwa boti za Jumamosi asubuhi ndizo zinazojaa wageni, na gazeti husomwa foleni ya bandarini.

Wasomaji wenu,
Watembeza wageni, Mji Mkongwe, Unguja